Geji ya Mafuta: Historia Yake na Chanzo cha Kudanganya Kwake

Hakuna chombo katika gari la zamani kinachopima lita za petroli moja kwa moja. Geji ya mafuta husoma kitu kingine kinachobadilika pamoja na mafuta: kimo cha boya, msukumo wa hewa iliyobanwa ndani ya bomba, au mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Mshale ndio unaokieleza kipimo hicho kwa robo, nusu na tangi zima. Tangu magari yaanze kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vimebadilisha mbinu hiyo mara kadhaa, na kila mbinu mpya iliondoa udhaifu wa ile iliyotangulia huku ikija na wa kwake. Ndiyo maana geji inayodanganya haina dawa moja. Waya wa tangini ukikatika, mshale wa gari la 1955 unaweza kukimbilia upande wa tangi kujaa, na ule wa gari la 1970 ukalala upande wa tupu. Anayetafuta hitilafu hana budi kuanza kwa kujua gari lililo mbele yake ni la kizazi kipi cha geji.

Kijiti na koki ya akiba

Magari ya mwanzo hayakuwa na geji. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927 na kuuzwa zaidi ya milioni 15, ilikuwa na tangi la galoni 10 za Kimarekani, yaani lita 38 hivi, chini ya kiti cha mbele. Aliyetaka kujua mafuta yaliyobaki aliwashusha abiria, akainua mto wa kiti, akafungua kifuniko na kutumbukiza kijiti hadi kikagusa chini, kisha akasoma pale ulowevu ulipoishia. Wauzaji wa magari waligawa vijiti vya mbao vyenye alama za galoni na jina la duka.

Kijiti hakikuwa na waya wala springi ya kuharibika, lakini kilionyesha jambo ambalo kila geji iliyofuata imelazimika kukabiliana nalo. Matangi mengi ya Model T yalikuwa na umbo la pipa lililolazwa, kwa hiyo alama za galoni hazikuweza kupangwa kwa nafasi sawa. Katikati ya tangi, palipo papana, alama zilikaribiana. Juu na chini zikaachana. Kimo cha mafuta na wingi wake ni vitu viwili tofauti, na uhusiano wao hutegemea umbo la tangi.

Kukosea makadirio kulikuwa na gharama. Petroli ya Model T iliteremka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Mafuta yakiwa machache na mlima ukiwa mkali, tangi lilijikuta chini kuliko kabureta na injini ikazimika. Madereva wengi walijifunza kupanda milima kinyumenyume.

Ulaya ilikuwa na suluhisho jingine, koki ya akiba, iliyotumika kwa muda mrefu katika Volkswagen Beetle. Ndani ya tangi palikuwa na njia mbili za kutolea mafuta, moja ikianzia juu kidogo ya sakafu na nyingine chini kabisa. Mafuta yaliposhuka chini ya njia ya kwanza, injini ilianza kukohoa; dereva akageuza koki iliyokuwa karibu na miguu, na lita 5 hivi zilizobaki zikaanza kutumika. Zilitosha kwa safari ya kilomita hamsini au zaidi kidogo, kutegemea mwendo na barabara. Mfumo huo haukudanganya kuhusu akiba iliyobaki, ila uliweza kumtega aliyesahau. Dereva aliyejaza tangi bila kurudisha koki mahali pake alikuwa akitumia akiba tangu kilomita ya kwanza, na injini ilipokohoa tena hapakuwa na kitu cha kufungulia. Mfumo huo huo umedumu katika pikipiki hadi leo, na waendesha bodaboda wanaujua vizuri kwa jina la rizavu.

Citroën 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, nayo ilianza maisha yake kwa kijiti. Kwa gari lililokusudiwa kuwa rahisi iwezekanavyo, geji ilihesabiwa kuwa anasa.

Boya, kebo na kimiminika chekundu

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwezesha dereva kusoma akiwa amekaa. Ford Model A, iliyorithi nafasi ya Model T mwishoni mwa 1927, iliweka tangi mbele ya dereva, nyuma ya injini, kiasi kwamba ukuta wake ulikuwa sehemu ya dashibodi. Boya lilielea ndani na mkono wake ukazungusha moja kwa moja uso wenye namba, uliosomwa kupitia kioo kidogo. Haukuhitajika umeme wala bomba. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kizuizi cha kuzunguka kile kioo: gasketi ilipokauka, petroli ilivuja ndani ya gari, karibu na magoti ya abiria. Boya lenyewe nalo likitoboka huzama, na geji ikasoma tupu hata tangi likiwa limejaa.

Njia hiyo haikufaa magari yenye tangi nyuma. Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa ile ya 1930, magari kadhaa ya Kimarekani, zikiwamo Ford V8 za 1932 hadi 1934, yalitumia geji ya msukumo wa hewa iliyotengenezwa na King-Seeley. Bomba jembamba lilitoka tangini likiwa na hewa tu. Uzito wa petroli ulisukuma hewa hiyo, nayo ikasukuma kimiminika chekundu kizito ndani ya bomba la kioo kwenye dashibodi, na kimo cha wekundu huo kikaonyesha kiasi cha mafuta. Ubunifu ulikuwa mzuri, lakini ulidai bomba lisilovuja hata chembe katika urefu wote wa gari. Kiungo kimoja kikilegea, hewa hutoka na geji husoma chini. Petroli ikiingia ndani ya bomba la hewa, usomaji huyumba. Wanaofufua magari hayo leo hulazimika kukausha bomba zima, kuhakikisha kila kiungo kimeziba, na kurejesha kimiminika kwa kipimo sahihi kabla ya kulaumu chochote kingine.

Beetle ilichukua njia ya kati. Mwezi Agosti 1961, kwa magari ya mwaka wa modeli wa 1962, ilipata geji yake ya kwanza ya kiwandani, nayo haikutumia umeme. Boya lilivuta kebo nyembamba iliyopita chini ya boneti hadi kwenye mshale. Mwaka huo wa 1962 gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambako umbali kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine ulikuwa mrefu kuliko Ulaya. Hitilafu za geji ya kebo ni za kimekanika tu: kebo kurefuka, kukwama kwenye ala yake kwa vumbi na kutu, au kurekebishwa vibaya baada ya tangi kushushwa. Kwa hiyo mshale uliokwama mahali pamoja katika Beetle ya 1963 hautafutiwi fyuzi. Agosti 1967, miaka sita baada ya kupata geji ya kebo, Beetle nayo ilihamia geji ya umeme.

Koili mbili zinazovutana

Umeme uliingia katika geji za mafuta kwa nguvu katika miaka ya 1930. Ndani ya tangi paliwekwa kifaa ambacho mafundi hukiita floti kwa ujumla wake: boya kwenye mkono wa chuma au shaba, na kwenye ncha ya pili ulimi unaoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibao. Ulimi ukisogea, urefu wa waya unaopitiwa na umeme hubadilika, na pamoja nao ukinzani unaopimwa kwa ohm.

Kwenye dashibodi, geji za kizazi hiki zilikuwa na koili mbili zinazovuta kipande cha chuma chenye mshale, kila moja kwa upande wake. Mkondo wa koili moja hutoka kwenye betri bila kubadilishwa na floti; nguvu ya nyingine hutegemea floti. Mshale husimama pale nguvu mbili zinapolingana. Faida yake ni kwamba betri ikichoka au jenereta ikizidisha, koili zote mbili huathirika kwa pamoja na usomaji haubadiliki sana. Geji hizi zilitumiwa na General Motors nchini Marekani, na nchini Uingereza na Smiths, kampuni ya London iliyokuwa ikitengeneza saa kabla ya kugeukia vyombo vya magari. Katika mpangilio huu, tangi tupu kwa kawaida ni ohm sifuri au karibu na hapo, na tangi lililojaa ni ohm nyingi zaidi.

Udhaifu wake ulikuwa wepesi. Mshale ulifuata kila wimbi la petroli tangini: kona moja kali ulipanda, breki ulishuka. Kwenye barabara ya vumbi yenye mabonde dereva aliona mshale ukicheza kati ya robo na nusu bila kutulia, akalazimika kukisia wastani.

Ulimi wa metali mbili na kidhibiti volti

Dawa ya mshale unaocheza ilikuwa joto. Katika geji ya metali mbili, mkondo hupasha moto waya uliozungushwa kwenye ulimi uliounganishwa kwa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Ulimi hupinda na kusukuma mshale. Kwa kuwa joto hupanda na kushuka polepole, mawimbi ya tangini hayaonekani. Ukiwasha swichi, mshale hupanda taratibu kwa sekunde kadhaa hadi unapotua.

Utulivu huo ulikuwa na bei yake. Geji ya joto haina koili ya pili ya kulinganisha, kwa hiyo volti ikipanda mshale hupanda hata kama mafuta hayajaongezeka. Ikabidi kiongezwe kifaa cha tatu, kidhibiti volti. Katika magari ya Uingereza kilikuwa kisanduku kidogo cha bati nyuma ya dashibodi, nacho ndani yake kina ulimi mwingine wa metali mbili unaokata na kuunga umeme mfululizo ili wastani wake uwe volti 10 hivi. Ford ya Marekani, iliyohamia mfumo wa volti 12 mwaka 1956, ilitumia kidhibiti cha aina hiyo kinachotoa wastani wa volti 5. Katika Uingereza mabadiliko kutoka koili hadi metali mbili yalifanyika hasa katikati ya miaka ya 1960, wakati mwingine ndani ya modeli moja: MGB za mwanzo zina geji ya koili, na zile za baada ya mwisho wa 1964 zina geji ya metali mbili.

Hapa ndipo maana ya ohm ilipogeuka. Katika geji ya metali mbili, mkondo mwingi ndio unaopandisha mshale, kwa hiyo tangi lililojaa sharti liwe na ukinzani mdogo. Ford nyingi za Marekani husoma takriban ohm 73 tangi likiwa tupu na 10 likijaa. Smiths za kizazi hiki huanzia karibu ohm 240 kwenye tupu na kushuka chini ya 40 kwenye kujaa. General Motors, iliyobaki na koili, ilienda kinyume: sifuri kwa tupu na, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, 90 kwa kujaa. VDO ya Ujerumani ilitengeneza floti nyingi za ohm 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa.

Mchanganyiko wa vipimo hivyo ndio chanzo cha udanganyifu mwingi katika magari ya zamani yaliyopita mikononi mwa watu wengi. Floti ya Ford ikifungwa kwenye gari lenye geji ya General Motors itaonekana kufanya kazi, maana mshale utasogea. Lakini tangi likiwa tupu floti itatoa ohm 73, na geji itaonyesha karibu robo tatu au zaidi. Tangi likijaa itatoa 10, na mshale utaonyesha mafuta yanakaribia kwisha.

Kuitafuta hitilafu kwa mpangilio

Kazi huanza kwa kutazama mshale swichi inapowashwa. Ukiruka mara moja, geji ni ya koili. Ukipanda polepole, ni ya metali mbili. Jibu hilo huamua maana ya kila kipimo kitakachofuata.

Kama ni ya metali mbili, hatua ya pili ni kutazama geji ya joto la injini, kwa sababu katika magari mengi zote mbili hulishwa na kidhibiti volti kimoja. Zote zikisoma juu kupita kiasi, kidhibiti kimeng'ang'ana au kisanduku chake kimepoteza ethi, yaani mgusano wake na chuma cha gari. Bila ethi, ulimi wake wa ndani haupati moto, haukati umeme, na geji hupokea volti zote za betri. Mara nyingi tiba ni kukwangua kutu na rangi chini ya skrubu inayokishikilia. Zote zikilala chini, kidhibiti hakitoi umeme au hakipokei. Balbu ndogo ya majaribio ikiunganishwa kwenye njia yake ya kutolea hupepesa kidhibiti kikiwa kizima. Ikiwa ni geji ya mafuta peke yake inayokosea, kidhibiti hakina kosa.

Hatua ya tatu hufanyika kwenye tangi, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, kwa kuwa mvuke wa petroli huwaka kirahisi kuliko petroli yenyewe. Swichi huzimwa, waya wa floti ukachomolewa na kuwekwa mbali na kitundu chochote cha tangi, kisha swichi ikawashwa. Katika mpangilio wa koili ulioelezwa juu, waya uliochomolewa hupeleka mshale kwenye kujaa, na waya ulioguswa kwenye bodi huurudisha kwenye tupu. Katika metali mbili ni kinyume: waya uliochomolewa hulaza mshale kwenye tupu, na ulioguswa kwenye bodi huupandisha hadi kupita kujaa. Jaribio la kugusa bodi kwa geji ya metali mbili halipaswi kuzidi sekunde chache, ili waya wa kupasha joto usiungue. Umeme wa betri haupelekwi kamwe moja kwa moja kwenye waya wa floti. Mshale ukitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, geji na waya vyote ni vizima, na kosa liko ndani ya tangi au kwenye ethi yake.

Ethi ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo inayosahauliwa. Floti nyingi hurudisha umeme kupitia bati la tangi na bolti zinazolishikilia. Tangi likipakwa rangi mpya au likikalishwa juu ya mipira mipya, njia hiyo hukatika au hupata ukinzani wa ziada. Geji ya metali mbili itasoma chini kuliko ukweli; ya koili itasoma juu. Waya wa muda kutoka kwenye mwili wa floti hadi kwenye chuma safi cha chasisi hutoa jibu papo hapo.

Mshale ukiendelea kudanganya, floti hutolewa. Katika matangi mengi hushikiliwa na pete ya kuzungusha, ambayo hugongwa kwa kipande cha shaba au mbao ngumu ili zisitoke cheche. Boya la shaba hutikiswa karibu na sikio. Kikisikika kimiminika ndani, lina tundu na limekuwa likizama kidogo kidogo. Halichomewi risasi kabla ya kukaushwa kabisa, maana petroli iliyonaswa ndani yake inaweza kulipuka. Boya la koki ya mti, linalopatikana katika magari ya zamani zaidi, hunywa petroli rangi yake ya kinga inapobanduka.

Kisha multimita ya kupima ohm huunganishwa na mkono wa boya huinuliwa polepole. Ohm zinapaswa kupanda au kushuka bila kuruka. Ulimi wa floti ya gari lililotumika miaka mingi huwa umekwangua njia inayong'aa kwenye waya, na mara nyingi waya umekwisha katikati, pale mafuta yalipokaa kwa muda mrefu zaidi. Gari la namna hiyo lenye geji ya metali mbili husoma vizuri tangi likiwa limejaa, kisha mshale huanguka ghafla unapofika nusu na kurejea baadaye.

Magari yenye matangi mawili yana mtego wa ziada. Land Rover za Series, zilizotumika sana Afrika Mashariki serikalini na katika hifadhi za wanyama, zina tangi chini ya kiti, na baadhi zilipewa la pili na swichi ya kuhamisha usomaji. Swichi hiyo ikichakaa, geji huonyesha tangi lisilotumika. Land Rover za kabla ya 1967 pia zina ethi ya upande chanya wa betri. Kidhibiti volti cha metali mbili hakijali upande wa umeme, lakini kile cha kielektroniki kinachouzwa kama mbadala hujali, na kikifungwa kinyume huungua.

Baada ya matengenezo, kipimo cha mwisho hufanywa kwa mafuta yenyewe. Gari husimamishwa mahali tambarare, tangi likiwa tupu, na petroli humiminwa lita 5 kwa wakati mmoja huku nafasi ya mshale ikiandikwa. Mshale ukiwa juu au chini kwa kiasi kile kile katika safu nzima, mkono wa boya hukunjwa kidogo. Ukiwa sahihi kwenye ncha na kukosea katikati, huenda ni umbo la tangi tu, na orodha ya vipimo hivyo ndiyo marekebisho.

Kompyuta na baadaye

Kuanzia miaka ya 1980 kazi ya kutuliza mshale ilihamia hatua kwa hatua kwenye vifaa vya kielektroniki, vinavyopokea usomaji wa floti na kukokotoa wastani wake. Matangi ya plastiki yenye maumbo ya kujipinda yalifanya alama za nafasi sawa zisiwezekane, kwa hiyo umbo la tangi likahifadhiwa kama jedwali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Floti yenyewe iliendelea kuwa ulimi unaoteleza, na iliendelea kuharibika. Mwaka 2004 petroli yenye salfa nyingi isiyofaa iliharibu viunganishi vya fedha vya floti katika magari mengi ya jimbo la Florida, Marekani. Baadhi ya viwanda vimeachana na mguso na kutumia sumaku inayosomwa bila kugusana.

Kwa gari la zamani, teknolojia hiyo imeleta vifaa vidogo vinavyowekwa kati ya floti na geji ili kubadilisha ohm za mtengenezaji mmoja kuwa za mwingine. Husaidia pale floti ya asili isipopatikana tena. Hata hivyo, haviwezi kuziba tundu la boya wala kurejesha ethi iliyokatika, kwa hiyo hufungwa baada ya floti, waya, ethi na kidhibiti volti kuthibitishwa kuwa vizima.